Akiba ya Mashenda

Mwaka ule meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa kuogopa makombora, watu wengi wa mlimani walizisikia habari hizo redioni kama wanavyosikia habari zote za mbali, wakaendelea kuwakatia ng'ombe majani. Mektrida hakuweza. Yeye alikuwa mkuu wa ugavi wa hospitali ya misheni ya Mashenda, iliyokaa kwenye mteremko wa Kilimanjaro kati ya Kilema na Mwika, na hakuna kitu kilichoingia hospitalini pale, iwe glavu au dawa ya usingizi, ambacho yeye hakukihangaikia miezi kadhaa kabla.

Kilichomkosesha usingizi kuliko vyote ni chumba cha kusafishia damu. Humo walikuja watu ambao figo zao zilikwishakufa. Mara tatu kwa wiki kila mmoja alilazwa kando ya mashine, damu yake ikatolewa, ikapitishwa kwenye chujio, ikarudishwa mwilini. Chujio moja kwa mgonjwa mmoja, na mirija yake mipya, kisha vyote vinatupwa. Na mashine zile zilikuwa na kiburi: hazikukubali chujio wala mirija ila ya kiwanda kimoja tu, huko Ulaya. Shehena ilitoka huko kwa meli, ikapita Mfereji wa Suezi, ikashuka Bahari ya Shamu mpaka Dar es Salaam, ikapanda lori mpaka Moshi. Miaka yote njia hiyo ilikuwa kama njia ya kwenda kisimani, hakuna aliyeifikiria.

Wakala wa Dar alimpigia simu asubuhi moja ya mvua za masika.

"Dada Mektrida, meli yetu imegeuzwa. Haipiti tena Suezi. Inazunguka Afrika nzima, kupitia Rasi ya Tumaini Jema."

"Itachelewa kiasi gani?"

"Wiki mbili, tatu hivi. Usiwe na wasiwasi."

Hakuwa na wasiwasi mkubwa, kwa sababu alikuwa na akiba. Miaka mingi alikuwa amebishana na bodi ya hospitali, ambayo haikupenda kuona mali imelala stoo, na katika jambo hili moja alishinda. Nyuma ya stoo, kwenye rafu ya mbao, maboksi ya machujio yalipangwa mpaka karibu na dari. Wenzake wa hospitali nyingine waliishi kwa kinachoingia na kutoka. Yeye alikuwa na ukuta.

Sista Veronika ndiye aliyekiongoza chumba cha kusafishia damu. Alikuwa mtawa wa makamo kutoka Rombo, mwenye sauti ya juu na mikono isiyotulia. Alipopata habari ile alikwenda mwenyewe ofisini kwa Mektrida, aproni bado kiunoni.

"Hii Bahari ya Shamu ndiyo ile ya Musa?"

"Ndiyo hiyo hiyo, Sista."

"Basi safari hii haikupasuka." Akavuta kiti, akakaa. "Nisikilize, mwanangu. Tuwapunguzie sasa. Kutoka mara tatu kwa wiki ziwe mbili. Sasa hivi wana nguvu, watavumilia. Tukisubiri mpaka stoo ianze kulia, tutakuwa tunawapunguzia watu waliokwishachoka."

Mektrida alilifikiria jambo lile. Mmoja wa wale wagonjwa alikuwa Wenseslaus, mjomba wake wa Kilema, mdogo wake mama. Baba yake alipofariki, ni mjomba huyu aliyeuza kahawa yake msimu baada ya msimu ili yeye asome. Presha ndiyo iliyomharibia figo. Mektrida alijua mjomba alivyoamka siku alizokosa mashine, macho yamevimba, pumzi fupi kama ya mtu aliyepandisha kilima na mzigo.

"Tukiwapunguzia leo kwa ajili ya meli itakayofika mwezi ujao," alijibu, "tutakuwa tumewatesa bure. Akiba ipo, Sista. Kazi yake ni hii."

Sista Veronika alimtazama kidogo, akasimama. "Haya. Wewe ndiye unayejua meli."

* * *

Wiki ile ile Julius alipiga simu. Julius alikuwa mkuu wa ugavi wa hospitali ndogo ya bondeni, upande wa Kahe, huko kwenye mashamba ya vitunguu na mpunga. Walisoma darasa moja chuoni Moshi, wakafanya mitihani kwa vitabu vya kuazimana. Hospitali yake ilikuwa na mashine chache, za aina ile ile, na machujio yake yalikuwa ndani ya meli ile ile.

"Mektrida, mimi nimebakiwa na kidogo sana. Niazime maboksi. Meli ikifika nakurudishia kabla sijafungua la kwangu."

"Julius, kwani wewe hukuweka akiba?"

"Kwa bajeti ipi, mwenzangu? Unaijua hospitali yetu." Alikohoa. "Sikuombi yote. Nipe ya kuwasukuma mpaka hapo. Tena, tungekaa pamoja sisi wote tunaosubiri meli hii, tukahesabu tulivyo navyo, tukapunguza wote kwa kipimo kimoja."

Mektrida aligeuza kiti, akaangalia dirishani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani. Alitaka kusema ndiyo. Akamwona mjomba wake, akamwona mganga mkuu, Daktari Mathew, akimuuliza kwa nini alitoa mali ya hospitali huku bahari imefungwa. Akakumbuka pia somo lao la chuo, kwamba mkuu wa ugavi anayeachia ghala lake si mkuu wa ugavi.

"Siwezi, Julius. Naogopa."

"Hata mimi naogopa," Julius akasema, akaaga vizuri.

* * *

Alichokuwa amesahau Mektrida ni kwamba maboksi hukaa pale yalipowekwa, lakini watu wana miguu.

Hospitali ya bondeni ilipoishiwa kabisa, wagonjwa wake walikwenda kwanza Moshi mjini, wakakuta hospitali kubwa zimejaa mpaka kwenye korido. Ndipo mtu mmoja akawaambia kwamba Mashenda kuna mzigo. Wakaanza kupanda mlima. Wa kwanza walikuwa wawili: mzee Yoramu, mkulima wa mpunga, na Gladness, binti asiyefika miaka thelathini ambaye figo zake zilikufa alipojifungua mtoto wake wa pekee. Hawakuwa na undugu. Walizoeana tu kwa kulala vitanda vya jirani, kila mmoja na mashine yake, na safari hii walichanga nauli ya bodaboda moja kutoka Himo, mvua ikiwanyea wote.

Sista Veronika aliwaona kwenye benchi la nje, akamfuata Mektrida stoo.

"Wamekuja watu wa Kahe. Nifungulie machujio mawili."

"Sista, tukiwafungulia hawa wawili, kesho watakuja kumi."

"Najua."

"Na wa kwetu je?"

"Basi nenda ukawaambie wewe," alisema Sista. "Mimi mdomo wangu hauwezi."

Mektrida alikwenda. Mzee Yoramu alikuwa amevaa koti la mtumba lililomzidi mabega, kofia yake ameishika mapajani. Uso wake ulikuwa umevimba hadi macho yamekuwa nyuzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kwenu. Kule chini mashine zimelala."

"Poleni na safari." Alijilazimisha kusimama wima. "Mzee, vifaa vilivyopo hapa ni vya wagonjwa wa hapa. Meli imechelewa. Nikianza kuvigawa, mtakosa wote, ninyi na wao. Nawaomba mrudi Moshi mjini, mkajaribu tena."

Mzee alisikiliza akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa dukani kwamba mbolea imepanda bei. Mektrida alipomaliza, mzee akavaa kofia yake.

"Tumekuelewa, mwanangu. Aika."

Alimshukuru kwa Kichagga. Neno hilo ndilo lililomtesa Mektrida baadaye, kuliko lawama yoyote. Gladness alimshika mzee mkono, wakashuka pamoja mpaka getini, wakasimama kwenye matope wakisubiri bodaboda.

Kesho yake Gladness alirudi peke yake. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye khanga moja na sabuni. Alikaa kwenye benchi lile lile, na Mektrida alipokuja akapaza sauti kabla hajasalimiwa.

"Mzee Yoramu hakufika. Tulipofika Himo alisema tupumzike kidogo pale kwa akina mama wauza ndizi. Akakaa. Nikaenda kuuliza gari, niliporudi nikamwita, haitiki." Alihema. "Mimi sirudi, dada. Nikifa nifie hapa mlangoni kwenu, msije mkauliza nilifia wapi."

Mektrida alibaki amesimama. Sista Veronika alikuwa ametoka koridoni, naye amesimama, mikono yake kwa mara ya kwanza imetulia. Mektrida akageuka, akaenda stoo, akaifungua, akatoa boksi zima, akalibeba mwenyewe kifuani mpaka chumba cha kusafishia damu.

* * *

Walikuja kumi, kama alivyosema. Kisha wakaja wengine. Ukuta wa maboksi ulianza kushuka, na kadiri ulivyoshuka rafu ya mbao ilionekana nyuma yake, imeota kuvu. Wakati huo ndipo wakala wa Dar alipopiga tena. Kontena lao lilikuwa limeshushwa kwenye bandari moja huko kusini, meli ikaendelea na safari zake. Bandari ilikuwa imefurika mizigo ya meli zote zilizopitia huko. Lingesubiri meli nyingine.

"Ipi?"

"Bado hawajaitaja, dada."

Akaandika kwa kiwanda, akaomba watume kwa ndege hata kidogo. Kiwanda kikajibu kwa adabu kwamba shehena yote ya ndege ilikuwa imekwishaagizwa na nchi zilizotangulia. Akapiga Arusha, Dodoma, Mwanza. Aliyekuwa na mashine za aina ile alikuwa analia kama yeye, na aliyekuwa na vifaa vilikuwa vya mashine nyingine.

Sasa ilibidi wapunguze, na si kwenda mbili tu. Daktari Mathew alitaka habari hiyo itolewe na Sista. Mektrida akasema hapana, ataitoa mwenyewe. Alisimama katikati ya vitanda, mashine zikiunguruma, akawaambia kwamba kuanzia wiki ile kila mtu atasafishwa damu mara moja tu kwa wiki. Kila mtu, wa Kilema na wa Kahe, wa zamani na wa jana.

Mwanamke mmoja alianza kusali kwa Kichagga. Kijana mmoja mpagazi wa mlimani, Lucky, alicheka kicheko kikavu. "Yaani hapo mmetuhukumu kabisa, madam. Semeni tu." Mjomba Wenseslaus alikuwa kitanda cha dirishani. Aligeuza uso ukutani, kama anayempa mpwa wake nafasi ya kutoka bila kutazamwa.

Jioni ile Mektrida alimpigia Julius. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi, maneno ameyapanga. Julius hakumpa nafasi.

"Nimesikia umewafungulia watu wangu," alisema. "Twende Nairobi. Unakuja na gari lenu au nije na letu?"

Walikwenda na gari la Mashenda, wakavuka mpakani Holili na barua ya mganga mkuu. Nairobi walizunguka kwa wauzaji wa vifaa vya hospitali, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka wakampata mmoja aliyewahi kuuza machujio ya kiwanda kile. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole. Aliwaonyesha rafu zake tupu.

"Wenzenu wa Kampala waliondoka jana," alisema. "Kabla yao walikuja wa Kigali. Mngekuja pamoja na mapema, ningewaagizia nyote kupitia India. Sasa kila mmoja amekuja na kikapu chake, amebeba alichokikuta."

Aliwauzia kilichobaki. Kilienea kwenye kiti cha nyuma cha gari, na bado nafasi ya mtu kukaa ilipatikana.

Kurudi, Julius ndiye aliyeendesha. Walipita Emali, wakapita Loitokitok kwa mbali, kilele cha Kibo kimejificha mawinguni upande usio wao. Ndipo Mektrida aliposema.

"Ningekupa yale maboksi siku ile…"

"Yangekwisha mapema zaidi."

"Usinifariji, Julius."

"Sikufariji." Aliminya usukani. "Ungenipa maboksi tu, yangekwisha mapema zaidi. Lakini tungekaa pamoja siku ile, wewe na mimi na wale wa Arusha, tukapunguza wote siku ile ile na kuagiza kwa mdomo mmoja, mzee Yoramu angekuwepo. Na wengine wangu sita nisiokutajia. Tulifundishwa kulinda ghala, Mektrida. Hakuna aliyetufundisha kwamba maghala yote ni ghala moja. Na mimi ningefanya kama wewe. Ningekuwa na akiba, nisingekupa. Hilo ndilo linalonikata maini."

Mektrida alianza kulia kimya kimya, na Julius akaongeza mwendo kidogo, kama vile kilichobaki kwenye kiti cha nyuma kilikuwa kinawahi kitu.

* * *

Jumapili baada ya misa, Mektrida alishuka Kilema kwa mjomba, alikokuwa ameitwa. Nyumba ilikuwa ndani ya kihamba, shamba la ukoo, migomba imeizunguka pande zote, na kahawa chini ya migomba. Theodora, mke wa mjomba, alimpokea mlangoni na uso uliochoka.

"Yupo nyuma, mwanangu. Leo amekuwa mkali. Anataka machalari."

Mektrida alielewa maana yake. Mtu ambaye figo zake zimekufa hatakiwi kula ndizi. Ndizi ina chumvi yake ambayo figo nzima huitoa, lakini kwa mtu kama mjomba hubaki kwenye damu, ikajaa, ikausimamisha moyo. Tangu augue, Theodora alimpikia wali mweupe, na siku moja moja ndizi kidogo alizozichemsha na kumwaga maji mara mbili, mpaka zikakosa ladha kabisa. Mtu aliyezaliwa chini ya mgomba, aliyelelewa kwa mtori, alikuwa ameishi miaka minne akizinusa ndizi za wengine.

Mjomba alikuwa kwenye kiti, blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa limetoka. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vimeachwa kando.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa." Alihema kati ya neno na neno. "Nairobi mmepata?"

"Tumepata kidogo."

"Kidogo ni ngapi? Usinidanganye. Mimi nimekusomesha hesabu."

Alimwambia ukweli. Yangetosha kuendelea na mara moja kwa wiki kwa muda mfupi, kisha basi. Kontena lilikuwa bado kusini.

Mjomba akatikisa kichwa. "Wiki hii nimelala nikiwa nimekaa. Nikijilaza, maji yanapanda kifuani, nazama. Unajua kuzama, mwanangu? Mimi mtu wa mlimani, sijawahi hata kuogelea, nazama kitandani kwangu." Alijaribu kutabasamu. "Mashine mmenipunguzia, sikusema. Ni haki, hata wale wa Kahe ni watoto wa mtu. Maji mmenipimia kwa kikombe. Sasa kama mashine haipo, na hata ndizi mnaninyima, mimi nabaki na nini?"

"Mjomba, ukila…"

"Najua nikila. Sista amenifundisha vizuri kuliko padri."

Theodora alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Aliwatazama wote wawili. Jikoni, sufuria ilikuwa tayari motoni, na harufu ya ndizi na nyama na kitunguu ilikuwa imejaa uwanja mzima. Mektrida akatambua kwamba hakuitwa kutoa ruhusa. Alikuwa ameitwa ili Theodora asiwe peke yake.

Alipaswa kukataa. Kila siku ya kazi yake alikuwa amesema hapana: kwa bodi, kwa Julius, kwa mzee mwenye kofia mapajani. Sasa hapana yake ilikuwa imekwisha kama vitu vingine vyote. Akainuka, akaingia jikoni, akapakua mwenyewe, akaleta sahani na kijiko, akamnawisha mjomba mikono.

Alikula polepole. Alikula kama mtu anayesoma barua ya mtoto wake aliye mbali. Alipomaliza alijifuta mdomo, akasema, "Mmetia na maziwa kidogo. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo," akaomba aongezwe.

Alifariki Jumanne, kabla ya zamu yake ya mashine kufika. Walimzika kwenye kihamba chake, chini ya migomba, kati ya kaburi la baba yake na la mama. Mvua ilinyesha kidogo, wanaume wakamalizia kushindilia udongo haraka. Sista Veronika alikuja na watawa wawili. Julius alipanda kutoka bondeni, akasimama nyuma ya watu na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Theodora alimshika Mektrida mkono muda wote wa maziko, kwa nguvu, na hawakutajiana kamwe, siku ile wala baadaye, sahani ile ya Jumapili.

* * *

Wengine walikufa bila machalari. Yule mwanamke aliyesali kwa Kichagga alifia nyumbani kwake. Lucky, aliyezoea kupandisha mizigo ya wageni mpaka karibu na barafu, alishindwa kupanda ngazi tatu za hospitali, akabebwa, akaishi siku mbili tu. Watu wa Kahe waliacha kuja mmoja mmoja, na hakuna aliyepiga simu kueleza. Kitanda kilipokaa wazi zamu mbili mfululizo, Sista alibadilisha shuka, akajua.

Kontena lilifika wakati masika yamekwisha na baridi ya mlimani imeanza. Lori lilipanda kwa shida ile barabara ya kona, likarudi kinyumenyume mpaka mlango wa stoo, na vijana wa hospitali wakashusha maboksi wakipiga kelele za furaha kama watu wanaoshusha mahindi ya mavuno. Rafu ya mbao ilijaa. Sakafu ikajaa. Mengine wakayapanga kwenye korido ya nje na kuyafunika turubai.

Daktari Mathew alimwita ofisini kwake. Alikuwa mtu mwema, aliyezeeka sana kwa miezi ile michache.

"Tumevuka, Mektrida. Bodi inakupongeza. Wanasema hospitali nyingine zilifunga kabisa chumba, sisi hatukufunga hata siku moja."

"Daktari, nataka tuagize pamoja na Kahe na Arusha. Akiba moja, ya wote. Na tuwe na njia mbili, hii na ya India."

"Wazo zuri." Aligusa karatasi zake, hakuziangalia. "Bodi imeuliza lakini. Kwa idadi ya wagonjwa tulionao sasa, mzigo huu uliofika utakaa muda mrefu sana. Wanashauri tusiagize tena mwaka huu."

Daktari alikuwa anaangalia mikono yake.

Mektrida alitoka, akapita chumba cha kusafishia damu. Ilikuwa siku ya kwanza ya kurudi mara tatu kwa wiki. Sista Veronika alikuwa amewasha mashine mbili tu. Nyingine zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyeupe, ili vumbi lisiingie. Kwenye kitanda cha dirishani, kilichokuwa cha mjomba, alilala Gladness, amekonda hadi mashavu yamezama, damu yake ikizunguka kwenye mirija mipya. Sista alimsogeza pale kwa sababu kuna mwanga.

"Dada," Gladness alimwita. "Wamesema mzigo umefika."

"Umefika."

"Unatosha?"

Mektrida aliangalia mashine zilizofunikwa, moja baada ya nyingine.

"Unatosha," alisema.

Gladness akafumba macho. Baada ya muda machozi yakaanza kumtoka pembeni, yakashuka masikioni, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umefungwa kwenye mirija na mwingine hauna nguvu ya kuinuka, Mektrida akavuta kiti, akakaa, akawa anamfuta kwa ncha ya khanga. Mashine iliunguruma. Nje, vijana walikuwa bado wanapanga maboksi, wakihesabu kwa sauti.